Nililiinua gari, mama akashindwa kupanda

Wahenga walinena kwamba haraka haraka haina baraka. Mimi nilidhani methali hiyo ni ya wenye kuoa na wenye kufanya biashara, hadi siku nilipopeleka gari langu kwa fundi ili aliinue.

Mama yangu anaishi Kinangop, katika Kaunti ya Nyandarua. Kutoka Nairobi tunafuata barabara kuu ya Nakuru, tunaiacha pale Flyover, tunapita Njabini hadi mji mdogo wa Engineer. Mpaka hapo ni lami. Baada ya hapo hubaki kilomita sita za udongo, na kilomita hizo sita ndizo safari yenyewe. Udongo wa kwetu wakati wa kiangazi hupasuka nyufa, na mvua ikinyesha hunata miguuni kama ugali ambao haujaiva. Kisha malori ya viazi hupita, yakachimba mitaro miwili mirefu na kuacha tuta katikati. Dereva wa gari dogo huchagua: ama aendeshe juu ya tuta akiomba Mungu asiteleze, ama ateremke mitaroni tumbo la gari likwaruze udongo.

Gari letu ni Suzuki Escudo, la mtindo ulioanza kutengenezwa mwaka wa 2005. Lilishuka bandarini Mombasa likiwa limetumika Japani, kama magari mengi ya wenye mishahara ya wastani. Tumbo lake liko milimita 200 hivi juu ya ardhi. Kwa Nairobi hiyo inatosha na kusaza. Huruka matuta yote ya mtaani. Kwa njia ya kwa mama wakati wa masika, haitoshi.

Nililijua hilo Aprili mwaka wa 2018, mwaka ambao masika yalikuwa mazito kote nchini. Shinikizo la damu lilikuwa limempanda mama usiku, na alfajiri tukamtia kwenye kiti cha nyuma, blanketi magotini, tumpeleke hospitalini. Hatukufika hata nusu ya njia. Magurudumu ya kushoto yaliteleza yakaingia mtaroni, gari likakalia tuta kwa tumbo, na magurudumu yakabaki kuzunguka bure kama miguu ya kobe aliyewekwa juu ya jiwe. Tulikaa hapo saa mbili mpaka jirani mmoja akaleta trekta. Muda wote huo mama hakulalamika. Alikuwa ananiuliza mimi kama nimekunywa chai.

Hospitalini daktari aliuliza kwa nini tumechelewa. Nilijibu, "Barabara." Akaandika neno hilo kwenye kadi, akaendelea na kazi yake. Mama alipona, lakini neno lile lilinikaa moyoni. Nikaapa kwamba gari langu halitakalia tope tena.

Niliporudi Nairobi nilimwendea fundi wetu wa siku nyingi, mtu mpole ambaye vipuri vyake hununua Barabara ya Kirinyaga, ile ambayo wengi bado huiita Grogan. Alinieleza kwamba kuna njia mbili za kuliinua gari la namna hii, na kila moja ina kazi yake.

Njia ya kwanza ni matairi makubwa. Ukiongeza kipenyo cha tairi, gari zima hupanda, lakini hupanda kwa nusu tu ya ulichoongeza, kwa kuwa nusu nyingine imeenda juu ya ekseli. Njia ya pili ni vipande vya chuma chepesi au plastiki ngumu. Mbele huwekwa juu ya shokamzoba, na nyuma huwekwa juu ya springi. Springi hubaki zile zile. Kinachofanyika ni kwamba mguu wa gurudumu unasukumwa chini na mwili wa gari unabaki juu. Huku nyuma shokamzoba nazo huhitaji kuwa ndefu kidogo, la sivyo zitavutika hadi mwisho kila gari likiruka shimo.

"Mkubwa," fundi akaniambia, "weka vipande vya milimita 30. Zinatosha."

Mimi nikamwona mwoga. Nilikuwa bado naliona lile tuta na kumsikia mama akiuliza habari ya chai. Nikamwambia aweke 50. Na matairi nikachagua mapana, 245/70R16, mahali pa yale ya kiwandani ya 225/70R16.

Hesabu yake ni nyepesi na mwanafunzi yeyote aweza kuifanya. Katika 225/70R16, namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili inasema kimo cha ubavu wa tairi ni asilimia 70 ya upana huo. Ya mwisho ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Ukijumlisha utapata tairi la kiwandani lina kipenyo cha milimita 721, na lile nililochagua milimita 749. Tofauti ni 28. Nusu yake ni 14. Ongeza 50 za vipande, gari likapanda milimita 64, karibu upana wa vidole vinne vilivyolazwa.

Na sikununua matairi manne, bali matano. Escudo hii husukuma magurudumu yote manne wakati wote, na lile la akiba huning'inia mlangoni nyuma. Ukifunga la akiba lenye kipenyo tofauti na mengine, gia zinazogawa nguvu kati ya mbele na nyuma huanza kusagana na kuharibika. Kwa jumla nilitumia pesa zilizokaribia karo ya muhula mzima ya kifungua mimba wetu. Mama watoto alipoziona risiti hakusema neno. Alizikunja, akaziweka kwenye Biblia. Wenye ndoa wanajua maana ya kimya kama hicho.

Lakini siwezi kudanganya, gari lilipendeza! Vijana wa mtaani waliligeukia. Nilikuwa naegesha mbali kidogo na mlango wa kanisa, ili nipate kulitembelea nikitoka.

Novemba, mvua za vuli zikiwa zimeanza, tukaenda nyumbani. Zile kilomita sita nilizipita nikipiga mluzi. Tope lilikuwepo, mitaro ilikuwepo, lakini tumbo halikugusa kitu. Nikaingia uani kama bwana arusi. Mama alikuwa na siku yake ya kliniki, amejifunga leso safi na kadi iko mkononi. Nikamfungulia mlango wa mbele.

Alishika mlango. Akauinua mguu wa kulia, haukufika. Akaushusha. Akajaribu wa kushoto, ambao goti lake huuma zaidi, nao ukakataa. Akasimama akilitazama gari kutoka chini hadi juu.

"Mwanangu," akasema, "ungepima magoti yangu kabla ya kupima barabara."

Watoto walicheka, naye akacheka, lakini mimi nilitamani ardhi inimeze. Gari nililokuwa nimeliinua kwa ajili yake lilikuwa limempita kimo. Mwishowe binti yangu alikimbia jikoni akaleta kigoda, kile ambacho mama hukalia akikama ng'ombe. Mama akakanyaga kigoda, mimi nikamshika kiwiko, akapanda. Tangu siku hiyo kigoda kile hukaa nyuma ya gari pamoja na jeki na spana.

Ningekuwa mwenye kusikia, ningejua kwamba hiyo ilikuwa ishara ya kwanza. Nyingine zilifuata. Usiku barabarani madereva wenzangu walikuwa wakinimulikia taa kwa hasira, nami nikiwashangaa, kumbe taa zangu zilikuwa zimepanda pamoja na gari na sasa zinawachoma macho. Nilipokata kona kali, tairi la mbele lilikwaruza plastiki ya ndani ya bawa. Matairi mapya yakaanza kulika upande mmoja, kwa maana magurudumu yalikuwa yamebadili mwinamo na hayakunyooshwa sawasawa. Mashafti yanayopeleka nguvu kwenye magurudumu, ambayo hupaswa kulala karibu sambamba na ardhi, sasa yalikuwa yameinama. Mpira unaofunika kiungo cha mmoja wao ukapasuka, grisi ikamwagika, na kila nilipogeuza usukani nikasikia tak-tak-tak. Hata sahani ya mwendo ilianza kunidanganya. Tairi kubwa husafiri mbali zaidi kwa mzunguko mmoja. Kwa hiyo mahali ambapo zamani mshale ungesoma 104, sasa ulisoma 100.

Haya yote niliyaita madogo, hadi jioni moja ya Jumapili, Januari mwaka wa 2019.

Tulikuwa tunarudi Nairobi, mimi na mama watoto mbele, watoto wawili nyuma katikati ya magunia ya viazi na kabichi. Kati ya Njabini na Flyover ukungu ulikuwa umeshuka. Ghafla mkokoteni wa punda ukatokea kwenye kijia upande wa kushoto, umebeba madebe ya maziwa. Nilikanyaga breki. Gari lilipungua mwendo, lakini si kama nilivyolizoea. Matairi yale mazito yalichukua muda wao. Nikageuza usukani kulia kumkwepa punda, kisha kushoto kurudi upande wangu.

Hapo ndipo nilipohisi kitu ambacho sikuwahi kukihisi katika gari lile. Liliinama kulia. Likainama zaidi. Kwa muda wa kupepesa jicho magurudumu ya kushoto yalikuwa mepesi, kana kwamba yanafikiria kama yabaki ardhini au yaondoke. Halafu likarudi kwa kishindo. Nilisimama kando ya barabara mikono ikitetemeka. Punda alishapita na madebe yake, wala hakugeuka.

Nyuma kulikuwa kimya. Kisha mtoto wetu mdogo akasema, "Baba, gari lilitaka kulala."

Hakuna mwalimu aliyewahi kunieleza jambo kwa ufupi kiasi hicho. Mfikirie mwanamke aliyebeba mtungi wa maji kichwani na mwenzake aliyeubeba kiunoni. Wakitembea polepole wote wawili wako salama. Waambie wageuke ghafla. Ni yupi atakayeyumba? Gari nalo ni hivyo. Nilikuwa nimeupandisha uzito wake juu na sikuwa nimeyatanua magurudumu yake kwa kiasi hicho. Njia ya tope niliyoihofia ni kilomita sita, na huwa tunaipita kwa mwendo wa mtu anayekimbia. Lami ambayo sikuwa nimeifikiria hata kidogo ni mwendo wa saa mbili, nami huiendesha kwa kasi nikiwa na familia yangu yote ndani.

Jumatatu sikwenda kazini. Nilikwenda kwa fundi. Hakunicheka. Alisema tu, "Mkubwa, nilikwambia 30."

Akatoa vipande vya 50, akaweka vya 30. Matairi mapana nikayauza kwa hasara, nikachukua 225/75R16, yenye upana ule ule wa kiwandani na kipenyo cha milimita 744. Hayo hupandisha gari milimita 11 tu. Jumla ni 41, na kwa tuta la kwetu zimetosha mpaka leo. Nililipeleka gari likanyooshwe magurudumu. Taa zikashushwa. Mipira ya breki ikakaguliwa isije ikawa imevutika. Hatimaye nikafanya lile ambalo ningelifanya mwanzo: nikaiandikia kampuni ya bima barua kueleza mabadiliko yote. Bima husimama juu ya ukweli, na gari likipata ajali huku limebadilishwa kimyakimya, mwenye bima huenda akajikuta anaulizwa maswali asiyokuwa na majibu yake.

Jambo jingine nililojifunza ni kwamba kimo si kila kitu katika tope. Kimo huzuia tumbo lisikwame, basi. Kinacholisogeza gari ni meno ya tairi yanayouma udongo, mkono mpole kwenye usukani na mguu usio na papara. Na kuna dawa nyingine isiyouzwa Kirinyaga. Mwaka wa 2020 mimi na majirani tulichanga, tukanunua malori mawili ya mawe, tukajaza pale nilipokwama na kuchimba mfereji wa kutoa maji. Tangu hapo hata vitz ya mwalimu jirani hupita. Mawe yale yamemfaa kila mtu wa njia hiyo. Vipande vyangu vya chuma vinanifaa mimi peke yangu.

Mama bado huhitaji kigoda, kwa sababu magoti hayarudi nyuma kama gari. Tukifika, binti yangu hushuka kwanza, akakitua mbele ya mlango, naye mama huja polepole na leso yake. Hukikanyaga, hushika kiwiko changu, hukaa, hujifunga mkanda. Kisha huniuliza kama nimekunywa chai.

Ndugu msomaji, ukiwa na njia mbaya ya kwenda kwa wazazi, sikukatazi kuinua gari lako. Liinue kwa kiasi, na umsikilize fundi anapokwambia inatosha. Lakini kabla ya kufungua hata nati moja, waulize kwanza wale wanaolipanda.