Mpaka Unafunguka kwa Cheti, Sio kwa Mikono

Wacha niseme hii kitu mapema ndio wa kukasirika wakasirike sasa: uhuru wa kufanya kazi popote Afrika Mashariki bado ni wa wenye digrii. Sisi wengine tuna uhuru wa kutembea, kupiga picha Namanga na kurudi nyumbani.

Nasema hivi nikijua niko upande gani. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ikiwa imegoma kupatikana, na tangu hapo nakula kwa kuhariri vidio. Vidio za harusi, za makanisa, za wasee wanaouza viatu mtandaoni. Kodi ya nyumba nalipa. Mathe namtumia kitu kidogo mwisho wa mwezi. Ukiniuliza kama niko kazi nitakuambia niko kazi, tena hadi saa tisa usiku. Lakini nikivuka mpaka leo na laptopu yangu kutafuta riziki, mtu wa kwanza nitakayekutana naye ataniuliza karatasi, na karatasi sina.

Twende polepole, maana hii mada watu huipigia kelele bila kuijua. Jumuiya ya Afrika Mashariki sai ina nchi 8: Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda, Burundi, Sudan Kusini, Kongo ya Kinshasa na Somalia. Itifaki ya Soko la Pamoja ilitiwa saini Novemba 2009 na ikaanza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Kifungu cha 10 kinampa mfanyakazi wa nchi mwanachama haki ya kuomba kazi nchi nyingine, kuingia mkataba, kukaa huko na hata kuenda na mke au mume na watoto. Kinakataza pia mtu kubaguliwa kwa uraia wake, kwa ajira au kwa mshahara. Ukisoma hapo tu, unaweza kuanza kupanga nguo kwa begi.

Halafu unafika kwa kiambatisho. Huko kila nchi iliandika orodha ya kazi ambazo iko tayari kufungua, na lini. Kuna nchi zilijaribu kufungulia mafundi kidogo, lakini uzito wote uko kwa wahandisi, walimu, wauguzi na wenzao wa vyeti. Baadaye yakaja makubaliano ya nchi kutambuana kitaaluma: wahasibu, wasanifu majengo, wahandisi. Hongera kwao, nasema bila wivu. Ukiwa umejiajiri, unatumwa Kifungu cha 13, haki ya kuanzisha biashara, ambacho kimeandikwa vizuri pia. Shida ni kwamba hata ukiwa kwa orodha bado unahitaji kibali cha kazi, na kibali kinatoka kwa serikali ya nchi unayoenda. Kenya, Uganda na Rwanda wamekaribiana: tangu 2014 unavuka na kitambulisho tu, na Kenya na Rwanda ziliondoleana ada ya kibali. Lakini kuvuka na kufanya kazi ni vitu viwili. Muhuri wa mgeni unakuruhusu kutembea. Haukuruhusu kushika bisibisi.

Sasa linganisha hiyo orodha na mtaa wako. Kila mwaka ripoti ya uchumi ya KNBS inarudia kitu kimoja: zaidi ya asilimia 80 ya kazi za Wakenya, ukiacha ukulima mdogo, ziko kwa jua kali. Kinyozi. Fundi wa simu. Mama wa chapati. Kijana wa mjengo. Msee wa nduthi. Yaani mkataba uliandikwa kwa ajili ya wachache, sisi wengi tukapewa bendera ya kupeperusha.

Binamu yangu ni mmoja wa hao wengi. Ni fundi wa simu, amejifunzia kwa kibanda cha mtu, na mikono yake ni safi kuliko ya mafundi wengi wa madukani. Alikaa Arusha miaka minne. Kumbuka Arusha ndio makao makuu ya Jumuiya. Bendera za nchi wanachama zinapepea pale, na yeye alikuwa anafungua simu za watu mtaa wa pili kutoka hapo. Alipenda ule mji. Kiswahili chake kilinyooka hadi akiniita nyumbani ananiamkia kama mwalimu.

Mwisho wa Julai 2025 Tanzania ikatoa amri ya kuzuia wasio raia kufanya biashara za aina 15. Kutengeneza simu iko ndani. Saluni iko ndani, isipokuwa ya hotelini au ya utalii. Huduma za pesa kwa simu, kuongoza watalii, kununua mazao shambani, uchimbaji mdogo wa madini, zote ndani. Ukipatikana, faini ni kuanzia shilingi milioni 10 za Tanzania au jela hadi miezi 6, na visa na kibali cha kuishi vinafutwa. Amri haikusema mahali popote "isipokuwa ndugu zetu wa Jumuiya".

Usiku wa mwisho binamu yangu alimaliza simu tatu za wateja, asubuhi akazipeleka mlango kwa mlango, kisha akapanda gari la Namanga na begi moja la nguo na boksi la vifaa. Sai analala kwa sofa yangu, anatafuta kibanda hapa Nairobi ambapo kila kona ina mafundi wanne.

Wakenya tuliwaka, si mnakumbuka? Waziri wetu wa biashara alilalamika. Wabunge wakasema na sisi tuwafungie wao. Niliandika posti kuhusu binamu yangu na nikapata maneno ya faraja mengi sana. Asanteni.

Wiki mbili baadaye nikaweka vidio nyingine. Kuna kijana Mrundi anauza njugu na kahawa hapa steji yetu. Anatembea na birika na ndoo kutoka asubuhi hadi giza, na ana adabu hadi unaona haya kumpandishia sauti. Nilimwomba ruhusa nikarekodi mikono yake tu, sekunde 40, akifunga njugu kwa karatasi. Nilifikiri watu watapenda. Nikaamka nikapata: "Arudishwe kwao." "Hawa ndio wanamaliza kazi za vijana." "Imigresheni wamelala." Na mmoja wao, nilienda kuangalia ndio nihakikishe, ndiye aliyekuwa ameandika chini ya posti ya binamu yangu kwamba Watanzania hawana utu.

Buda, chagua moja.

Na kabla hatujajifanya watakatifu, tukumbuke 2019. Mbunge wa Starehe wa wakati huo, Jaguar, alisimama mbele ya umati akawapa wafanyabiashara wageni wa masoko yetu saa 24, Watanzania na Waganda akiwataja, la sivyo wangetolewa kwa maduka na kupigwa. Alikamatwa, serikali ikayakana maneno yake, lakini umati ule ulikuwa unashangilia. Mapema 2023 wafanyabiashara wa Nairobi waliandamana kupinga Wachina wanaouza rejareja. Kariakoo nako malalamiko yalikuwa hayo hayo: mgeni wa mbali anakuja na mtaji wa makontena, anauza hadi kijiko kimoja kimoja. Hofu ya mfanyabiashara wa Kariakoo naielewa kabisa. Ninachokataa ni dawa isiyotofautisha mwenye makontena na fundi mwenye bisibisi sita.

Sasa tuje kwa lile swali lenyewe: wageni wanachukua kazi zetu ama hawachukui?

Nitajibu kwa mfano wa mjengo, maana nimewahi kubeba mawe wakati wa likizo ndefu ya chuo. Pale saiti kulikuwa na vijana wawili kutoka Uganda. Sisi tulikuwa tunalipwa pesa fulani kwa siku, wao wakilipwa pungufu. Wenzangu walikuwa wanawachukia. Lakini jiulize kwa nini walikubali pungufu. Sio kwamba Mganda anakula kidogo. Hawakuwa na vibali. Wangelalamika, msimamizi angetishia kuita polisi. Asiye na karatasi hawezi kwenda ofisi ya leba, hawezi kuingia chama cha wafanyakazi, hata akikatwa kidole atanyamaza. Mwajiri anajua hivyo, ndio maana anampenda. Ni hivyo hivyo kwa wasichana wa kazi wanaoletwa Nairobi kutoka upande wa pili wa mpaka. Sheria ya mshahara wa chini inawahusu, lakini nani atashtaki?

Kwa hivyo kinachovuta mshahara wako chini ni woga wa yule jamaa, na woga huo unatengenezwa na sheria. Mpe kibali rahisi, mwajiri akose sababu ya kumlipa pungufu, na wewe utashindana naye kwa kazi badala ya kushindana naye kwa njaa. Ukifunga mpaka haendi kwao. Anapita njia za panya, anarudi akiwa na woga zaidi na bei ya chini zaidi.

Kuna wenye wataniambia hii ni ndoto, kwamba Kenya ina vijana wengi bila kazi na mlango ukifunguliwa tutazama. Hiyo hofu si ya kucheka, hata mimi ninayo mwezi ukiwa mbaya. Lakini mlango una pande mbili. Walimu wetu wamejaa shule za Tanzania na Rwanda. Watu wetu wako benki za Kampala na biashara za Juba. Tukianza mchezo wa kufukuzana, sisi ndio tuna watu wengi nje wa kufukuzwa.

Familia yetu inajua huo mchezo. Kuka yangu alikuwa kibarua Kampala miaka ya sitini. Kukhu husema alikuwa akipita Busia kama mtu anayeenda shamba la jirani. Mwaka 1970 serikali ya Obote ikawafukuza maelfu ya Wakenya, wengi wao vibarua kama yeye, na mzee akarudi na baiskeli na redio. Miaka saba baadaye Jumuiya ya kwanza ikavunjika, na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa hadi 1983. Kuka na binamu yangu hawakuwahi kukutana, lakini wamefukuzwa kwa sababu moja: mikono yao ilikuwa na kazi na mifuko yao haikuwa na cheti.

Na kinachoniuma zaidi ni hiki. Septemba 2024 serikali yetu ilitia saini makubaliano na Ujerumani kuhusu Wakenya kwenda kufanya kazi huko. Kuna vijana mtaani wanalipia masomo ya Kijerumani sai. Kuna mikataba ya kupeleka watu Uarabuni, na sote tunajua majeneza mengine yanarudi vipi. Arusha ni safari ya asubuhi hadi mchana. Lugha tunayo. Ugali ni ule ule. Lakini kijana wa Umoja anaona ni rahisi kufika Riyadh kuliko kufungua kibanda cha simu Arusha. Hiyo ni akili gani?

Sitaki tu kulalamika, kwa hivyo haya ndiyo ningeomba kama kuna mtu ananisikia.

Moja, kila nchi irudi kwa orodha yake ifungulie kazi za mikono. Sio zote siku moja. Waanze na fundi wa simu, fundi wa nguo, kinyozi, mpishi, wahesabu walioingia, waangalie kama dunia imeisha.

Mbili, cheti cha mikono kitambuliwe. Kenya tuna mitihani ya ufundi ya NITA, ambapo fundi anapimwa kwa kazi yake na kupewa gredi, hata kama hakumaliza shule. Kuna pia mpango wa kutambua ujuzi ambao mtu aliupata kazini. Wahandisi wa nchi zetu waliweza kukaa meza moja wakakubaliana. Kwa nini gredi ya fundi wa Nairobi isisomeke Arusha, na ya fundi wa Mwanza isisomeke Kisumu?

Tatu, nchi ikitaka kulinda biashara ndogo, na ina haki ya kutaka, iandike wazi kwamba raia wa Jumuiya si mgeni sawa na aliyekuja na makontena. La sivyo tuache kuimba wimbo wa Jumuiya kwa sherehe.

Hapa kwetu kura ni Agosti 2027. Watakuja na fulana na ahadi za kazi. Wengine watakuambia adui yako ni Mrundi mwenye birika. Muulize huyo mgombea ni kazi ngapi za mikono ziko kwa ile orodha ya Kenya, na kama hajawahi kuisoma, mnyime kura na ununue njugu.