Omena Haigeuki Mbuta kwa Kubadilishwa Jina

Wasee, nilipoteza nafasi ya atachimenti kwa sababu ya herufi tatu.

CV yangu niliiandika kwenye saiba moja hapa Migori. Kompyuta zao zinatumia LibreOffice, na hiyo programu, usipoiambia kitu, huhifadhi hati kama .odt. Mimi sikuangalia. Nikajitumia kwa imeili, nikalipa, nikaenda.

Usiku wa mwisho wa maombi, fomu ikakataa. Inataka PDF pekee. Nikajiona mjanja: nikashika simu, nikafuta "odt" kwa jina la faili, nikaandika "pdf". Fomu ikakubali! Nikalala fofofo.

Siku chache baadaye nikapata ujumbe: faili yako haifunguki. Nikapanda matatu, Migori, Rongo, mpaka Homa Bay kwenye ofisi yenyewe. Mama wa mapokezi akaniambia kwa upole, "Pole mwanangu, orodha ilishafungwa."

Jamaa wa saiba karibu na steji ndiye alinifungua macho. "Omera, umebadilisha jina tu. Ndani bado ni odt."

Ukiandika "mbuta" kwenye gunia la omena, bado ni omena. Zile herufi baada ya nukta ni lebo tu, zinaiambia simu au kompyuta itumie programu gani kufungua. Hazigusi kilicho ndani. Hata .doc na .docx ni vitu viwili tofauti; .docx ilikuja na Word 2007, na ndani yake ni furushi la faili ndogo zilizobanwa pamoja. Ukitaka PDF, fungua hati kwenye programu yenyewe, kisha uihifadhi au uitoe (Export) kama PDF.

Halafu Windows kwa kawaida huficha hizo herufi. Unaweza kuona "CV.pdf" na kumbe jina kamili ni "CV.pdf.odt". Ingia kwa mipangilio ya folda uziwashe.

Najua wengine mtasema fomu ndiyo mbaya, ingekagua faili kabla ya kuipokea. Ni kweli. Lakini fomu haikukosa atachimenti, ni mimi. Sisi tumekulia kwa simu, tunajua kubofya, kuangalia ndiyo shida.

Siku hizi kabla sijatuma kitu, namtumia beshte kwanza. Ikifunguka kwake, naituma. Jaribu na yako leo, usingoje usiku wa mwisho.