Jirani Kabla ya Nyumba: Matembezi ya Queens

Anwani za Queens, New York, zina kistari katikati, na mgeni asipofundishwa atapotea mchana kweupe. Nyumba ya Louis Armstrong, yule mpiga tarumbeta, ni 34-56, Mtaa wa 107. Maana yake uko Mtaa wa 107, umeshaipita Avenyu ya 34, na nyumba yenyewe ni namba 56. Ukishalielewa hilo unadhani umemaliza, kumbe mitaa ya Astoria, huko huko Queens, inakusubiri: kuna Avenyu ya 30, kuna Barabara ya 30, kuna Mtaa wa 30, na kila moja ina njia yake. Hata wenyeji husimama njia panda wakikuna kichwa.

Nilifika huko kumtembelea mpwa wangu, muuguzi, aliyechoka kulipa kodi ya pango na kuamua kununua. Kazi yangu ilikuwa kumsindikiza kutazama nyumba na kukohoa kila dalali anapotaja bei. Nilikuja nikiijua New York ya kwenye kadi za posta, yaani Manhattan. Niliondoka nikiamini kwamba anayetaka kuishi katika jiji lile, tofauti na anayetaka kupiga picha tu, avuke mto aingie Queens.

Queens ni moja ya wilaya tano zilizounganishwa mwaka 1898 kuwa jiji moja. Ina watu kama milioni 2.4, na karibu nusu yao walizaliwa nje ya Marekani. Takwimu hiyo huhitaji kuisoma popote, maana treni namba 7 itakuonyesha. Hutoka Manhattan ikipita chini ya mto, na ikishafika Queens hupanda juu ya nguzo za chuma na kwenda hivyo hivyo mpaka karibu na mwisho wa njia, Flushing. Kwa sehemu kubwa ya safari, chini yake ni Roosevelt Avenue, barabara inayoliona jua kwa vipande vipande. Abiria hubadilika kituo kwa kituo. Woodside wanashuka Wafilipino, kituo cha Mtaa wa 74 wanashuka Wabangali na Wanepali, cha Mtaa wa 82 Wakolombia, Corona Wameksiko na Waekwado, na behewa linapofika Flushing limebaki na Wachina na Wakorea. Funga macho usikilize simu zinazopigwa, utajua umefika wapi.

Sisi tulishuka 74, Jackson Heights. Mtu wa Mombasa au Unguja hapa hapati ugeni. Mtaa wa 74 una maduka ya dhahabu, ya vitambaa, ya sambusa na jalebi, na mabango yanayowaomba watu wasiteme tambuu barabarani. Madoa mekundu ya tambuu yapo pale pale chini ya mabango. Katika duka kubwa la vyakula la Patel Brothers nilikuta bamia, mbaazi, nazi, majani ya mvuje na samli ya kila namna. Kizazi hiki cha maduka kilianza miaka ya 1970, baada ya sheria ya uhamiaji ya mwaka 1965 kufuta mgawo wa zamani uliowapendelea watu wa Ulaya ya kaskazini. Hatua chache kutoka hapo Watibeti wanauza momo, vifuko vya unga vilivyojazwa na kupikwa kwa mvuke, kwenye vigari, na mama wa Kikolombia anageuza arepa, mikate ya mahindi, juu ya bati la moto. Tulikula tumesimama.

Nyumba tuliyokwenda kuitazama ilikuwa ghorofa ya nne: chumba kimoja cha kulala, sebule, na jiko la watu kupishana kwa ubavu. Sakafu ilikuwa ya vibao vya mwaloni vilivyopangwa mshazari, vimelika mlangoni na vinang'aa pembeni. Chini ya dirisha palikuwa na hita ya chuma inayotumia mvuke. Ilikuwa imepakwa rangi ya fedha mara nyingi hata maua yaliyochongwa juu yake yamejaa rangi na kufifia. Nikaligusa bomba lake: baridi, kwani majira ya joto yalikuwa yameanza. Dalali alikiri kwamba wakati wa baridi hugongagonga usiku. Kisha akafungua dirisha la jikoni.

Barabarani huwezi kujua kama bustani ile ipo. Majengo yamejipanga kuzunguka kitalu kizima cha mtaa, migongo yao ikitazamana, na katikati kuna nyasi, miti mirefu kuliko ghorofa ya tano, njia za matofali na mabenchi. Mzee mmoja mwenye kilemba cha Kisingasinga alikuwa akisoma gazeti. Watoto wawili walikuwa wakimfuata kindi. Kelele ya treni, iliyotutoa roho dakika tano kabla, ilikuwa imebaki mvumo tu.

Bustani hizo zina historia yenye doa. Mwanzoni mwa karne iliyopita eneo hili lilikuwa mashamba. Edward MacDougall na kampuni yake ya Queensboro walilinunua wakijua kinachokuja: daraja la kuvuka East River lilifunguliwa mwaka 1909, na treni ikafika mwaka 1917. Wakajenga majengo yenye bustani ndani, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza wakaanza kuyauza kwa mtindo wa ushirika. Mwaka 1922 walilipia kipindi katika kituo cha redio cha WEAF kuyanadi makazi yao, na wanahistoria wa redio hulihesabu tangazo hilo kuwa la kwanza kulipiwa. Ila walichokuwa wakiuza pamoja na hewa safi ni kutengwa. Wayahudi hawakuuziwa, watu weusi hawakuuziwa. Leo ukisoma majina kwenye vitufe vya kengele mlangoni, unaona jinsi mpango wa MacDougall ulivyoshindwa. Mwaka 1993 jiji liliutangaza mtaa huu kuwa eneo la kihistoria, kwa hiyo huwezi hata kubadilisha dirisha la mbele bila kibali.

“Mjomba, hapa hununui kuta,” mpwa wangu aliniambia tulipokuwa tukishuka ngazi. “Unanunua hisa za kampuni yenye jengo, halafu kampuni inakupa mkataba wa kukaa.”

Nikacheka, maana ushirika tunaujua. Kuna wanahisa, mkutano mkuu wa mwaka, mwenyekiti, mweka hazina na ugomvi juu ya mahesabu, kama chama cha kahawa cha Kilimanjaro, ila zao lao ni paa. Bei ya chumba kimoja cha kulala katika matangazo tuliyoyaona ilikuwa kati ya dola laki tatu na nusu na laki nne na nusu, wakati Manhattan nyumba ya wastani hupita milioni. Majengo mengi hutaka asilimia 20 ya bei mkononi. Juu ya hapo kuna ada ya kila mwezi inayolipa kodi ya jengo, mafuta ya kupasha joto, maji ya moto, mshahara wa msimamizi na deni la jengo lenyewe kama lipo. Hapo ndipo wengi huumia: bei ndogo, ada kubwa. Wakili wa mpwa wangu aliomba mahesabu ya miaka ya karibuni na kumbukumbu za vikao vya bodi kabla ya kuruhusu sahihi yoyote. Ada ndogo kupita kiasi nayo aliitilia shaka, kwani huenda paa linavuja na akiba hakuna.

Kisha kuna usaili. Bodi ya majirani husoma hati zako za mshahara, taarifa za benki, marejesho ya kodi na barua za watu wanaokufahamu, halafu inakuita. Inaweza kukukataa, na mara nyingi haitoi sababu, ingawa sheria inakataza kubagua kwa rangi, dini au taifa. Wamarekani wengi huuchukia utaratibu huu, na ukikumbuka nani walikataliwa zamani, chuki hiyo ina haki. Lakini mimi nimekulia kwenye msemo kwamba jirani hutazamwa kabla ya nyumba, na hapa niliona majirani nao wakimtazama mnunuzi. Mpwa wangu aliulizwa kama ana mbwa na kama zamu zake za usiku zitamfanya alale mchana wakati watoto wa juu wanacheza. Waliomhoji walikuwa mwalimu mstaafu wa Kikolombia, mhasibu wa Kibangali na bibi wa asili ya Kiayalandi aliyekaa katika jengo hilo tangu ujana wake. Bibi ndiye aliyeuliza juu ya mbwa.

Waliowahi kununua Queens wakati milango mingine imefungwa ni wengi. Lucille Armstrong aliinunua ile nyumba ya Mtaa wa 107, huko Corona, mwaka 1943 mumewe akiwa ziarani. Louis mwenyewe, aliyekuwa na uwezo wa kuhamia kwenye jumba la kifahari, aliishi hapo mpaka kufa kwake mwaka 1971, akikaa kwenye ngazi za mbele na watoto wa mtaa. Sasa ni makumbusho. Anayetugusa zaidi sisi ni Ralph Bunche, mwanadiplomasia mweusi wa Marekani. Huyu alijifunza Kiswahili London miaka ya 1930, na mwalimu wake alikuwa Jomo Kenyatta. Baadaye aliongoza idara ya udhamini ya Umoja wa Mataifa, iliyoshughulikia nchi kama Tanganyika, wakati Baraza Kuu likikutana Flushing Meadows, hapa hapa Queens, kati ya 1946 na 1950. Mwaka 1950 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Alijenga makazi yake Kew Gardens, wilaya hii hii, na mwaka 1959 klabu ya tenisi ya Forest Hills, mtaa wa jirani, ikamkatalia yeye na mwanawe uanachama kwa sababu ya rangi. Kelele zilizofuata ziliifanya klabu iombe radhi.

Sisemi Queens ni pepo. Roosevelt Avenue usiku si pa kutembea ukihesabu pesa. Nyumba za bei poa mara nyingi zina chumba cha chini ya ardhi ambacho dalali atakisifia kuwa kitakuletea mpangaji. Mwulize kwanza maji ya mvua huenda wapi. Mvua ya kimbunga Ida ya Septemba 2021 iliua watu 11 katika vyumba vya namna hiyo jijini humo, wengi wao Queens. Na wapo wanaonunua kisha wakashindwa na deni. Zohran Mamdani, mzaliwa wa Kampala aliyechaguliwa meya wa New York Novemba 2025, kabla ya siasa alikuwa mshauri wa familia za Queens zilizokaribia kunadiwa nyumba zao.

Kuna pia suala la riba, ambalo Waislamu wa mitaa hii hulijadili sana. Yapo makampuni ya Marekani yanayokopesha kwa mtindo wa kumiliki kwa ubia, lakini ubia huo ni rahisi zaidi kwa nyumba yenye hati ya ardhi kuliko kwa hisa za ushirika. Mwenye nia aulize mapema, kabla hajaipenda bustani.

Mpwa wangu alikubaliwa. Ikiwa una safari ya New York, tenga Jumapili moja. Panda treni ya 7, shuka 74, kula kwanza. Mchana wa Jumapili ndipo madalali hufungua nyumba zinazouzwa, na nyingi hutazamwa bila miadi. Ingia, panda ngazi, uliza ada ya mwezi, na usitoke kabla hujaomba kufunguliwa dirisha la jikoni.