Nusu Inchi
Katika shamba moja la kahawa baina ya Ruiru na Thika, bomba kuukuu la inchi nne, la kipimo cha Kiingereza BS 10, Jedwali D, lilipaswa kuungwa na pampu ya Kimarekani. Midomo ililingana, flanji zikakataana: hii ina matundu manne katika duara ya inchi saba, ile manane katika inchi saba na nusu. Ajabu ya mataifa yasemayo lugha moja!

Kahawa iliyochumwa yataka kumenywa siku ile ile, basi kijana akashika tupa ayapanue matundu. Fundi mzee akamzuia, wala hakukosea: tundu lililorefushwa haliishiki bolti barabara, na maji hupenya. Alikata kipande kifupi cha bomba, akalehemu flanji ya Kiingereza huku na ya Kimarekani kule. Magharibi maji yalifika mashineni.