Ukaguzi Kando ya Mto Mara

Katika kazi zote nilizopata kuzifanya chini ya Wizara ya Elimu, tangu ualimu wa darasani hadi siku ya kustaafu, hakuna iliyonionyesha tabia za serikali, na tabia za wanadamu waliomo ndani yake, kama ile niliyokabidhiwa mwaka 2002, nilipokuwa mkaguzi wa shule katika Kanda ya Ziwa yenye makao yake Mwanza, nikaamriwa kufuatilia namna halmashauri za mkoa wa Mara zinavyotimiza masharti ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ambao mkubwa na mdogo waliuita MMEM.

Masharti yenyewe yalikuwa mengi. Ada ilikwisha futwa, na badala yake kila mwanafunzi aliyeandikishwa alikadiriwa ruzuku yenye thamani ya dola 10 za Marekani kwa mwaka, yaani kama shilingi 10,000 za wakati ule, sehemu yake ikiwa ya vitabu na iliyobaki ya chaki, ukarabati, mitihani na kadhalika. Kamati ya shule ilipaswa kuwa na akaunti mbili benki, moja ya ruzuku hiyo na moja ya ujenzi. Fedha iliyopokewa itangazwe ubaoni mahali wazazi wapitapo. Na tundu moja la choo lisizidi wasichana 20 wala wavulana 25. Benki ya Dunia ilikuwa imekopesha dola milioni 150, wahisani wengine nao wametia mkono, na aghalabu atoaye fedha hutaka kuonyeshwa ilipokwenda.

Mimi nilikuwa nimeuona wakati mwingine usiofanana na huo. Mjini Musoma, Novemba 1974, TANU iliazimia kwamba ifikapo Novemba 1977 kila mtoto wa rika la shule awe darasani, nasi walimu vijana wa siku zile tukafundisha chini ya miti, tukisaidiwa na vijana waliomaliza darasa la saba juzi tu, wala hapakuwa na mtu aliyetuuliza stakabadhi ya kitu chochote. Nisemapo hivi sitamani siku zile zirudi. Kulikuwa na bidii nyingi na vitabu vichache mno.

Barabara itokayo Tarime kwenda Mugumu hupita Nyamwaga na Nyamongo, ikateremka hadi Kerende, kisha ikavuka mto Mara na kuingia Serengeti. Kwa hiyo mto ule, ambao kwa wafugaji wa pande zote mbili ni maji ya kunyweshea ng'ombe, kwangu mimi ulikuwa mpaka wa mafaili: ng'ambo moja mkurugenzi huyu, ng'ambo ya pili yule, na masharti yale yale. Mwaka ule ule wa 2002 mgodi wa North Mara ulianza kutoa dhahabu, na haukupita muda wavulana wa madarasa ya juu wakajua kwamba katika vifusi vya mawe mna riziki isiyongoja cheti cha darasa la saba.

Katika shule moja ya pande zile, ambayo jina lake nalisitiri, nilifungua daftari la mahudhurio la darasa la sita. Lilikuwa safi kupita kiasi: mistari imenyooka, wino wa rangi moja, alama za walioko zimepangwa wiki nzima bila doa. Sasa ikawa katika wiki hiyo mvua ilinyesha usiku na mchana, mto ukafura ukaifunika njia, hata mimi mwenyewe na gari la serikali nikalala ng'ambo nisiweze kuvuka. Lakini kwa mujibu wa daftari, watoto watokao ng'ambo ile ile niliyozuiliwa walifika wote, na hakuna hata mmoja aliyechelewa.

Nikamwuliza mwalimu mkuu, kwa upole, watoto hao walivuka kwa chombo gani. Alinyamaza kidogo, akavua miwani.

"Bwana Mkaguzi," akasema, "nikiwaandika watoro mwezi mzima, majina yao yatafutwa, na ruzuku hufuata majina. Siku watakaporudi kutoka mtoni au mgodini, nitawafundisha kwa chaki ya nani?"

Sikuwa na jibu la haraka, na mpaka leo naona hoja yake ilikuwa na uzito kuliko vifungu kadhaa vya mwongozo wetu. Niliandika katika ripoti kwamba daftari si la kweli, kisha, kwa insafu, nikaandika na hoja yake pia, ili asomaye Dar es Salaam aone kwamba uongo ule ulizaliwa na kanuni.

Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ilimpa mkaguzi haki ya kuingia shule yoyote na kufungua daftari lolote. Mfuko haikumpa. Mimi nilikuwa mtu wa Wizara, ilhali walimu na fedha vilikuwa mikononi mwa halmashauri, nazo husikiliza TAMISEMI, ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa. Hivyo mapendekezo yangu, hata yakiandikwa kwa lugha kali namna gani, yalifika kwa mkurugenzi kama nasaha ya jirani.

Ndiyo sababu nilikuja kuutegemea ubao wa matangazo. Siku moja, shule nyingine, nilisisitiza hesabu za ujenzi zibandikwe mbele yangu, na mzee mmoja aliyekuwa akipita na fimbo yake akamwomba mjukuu wake amsomee.

"Mwalimu," akaita, "hapa pameandikwa madirisha. Madirisha yenyewe yako wapi?"

Jumapili wazazi wakaitisha mkutano ambao sikualikwa, wala haukuwa katika mwongozo. Nilipopita tena baada ya mavuno fremu zilikuwa zimetiwa, na fundi alikuwa akidai malipo yake kwa sauti. Ripoti yangu juu ya madirisha hayo hayo ilikuwa ingali ofisini, haijajibiwa.