MDOGO WAKO AKIENDA CHUO, MSINDIKIZE MWENYEWE

Umewahi kuona mtu anapewa pole kwa sababu mdogo wake kaenda chuo? Thubutu! Zinakuja hongera tu. "Mmepata msomi!" Soda zikishaisha wageni wanaondoka, halafu wewe unabakia na kitanda cha tano kwa sita, umelala peke yako kama sultani, na huna wa kugombania naye chaja.

Mimi niliishia kidato cha nne. Mdogo wangu kachaguliwa Chuo Kikuu cha Dodoma. Majirani wakaanza, eti dada mtu ana wivu. Wivu wa nini jamani? Mwenzenu nilichokuwa naogopa ni kimoja: atarudi likizo ananiita dada kwa adabu, kama mgeni.

Basi nikasema namsindikiza. Treni ya umeme inafika Dodoma tangu mwaka 2024, tena chapuchapu, lakini mwenye godoro, ndoo na begi la shangazi kaja anajua buti la basi ndiyo mpango mzima. Halafu basi linawapa muda. Kutoka stendi ya Magufuli pale Mbezi hadi Dodoma ni kama kilometa 450. Mpaka Chalinze tulikuwa kimya. Tulipopita Morogoro ndiyo maneno yakaanza kutoka. Gairo tukacheka, Kibaigwa kwenye soko la nafaka tukalia kidogo, abiria wa pembeni akajifanya kalala.

Baada ya hapo nchi inabadilika. Mibuyu, ardhi nyekundu, upepo mkavu. Oktoba huko mvua bado, vumbi linakusalimia kabla ya wenyeji. Mtoto wa Dar midomo inapasuka siku ya kwanza, mafuta ya mgando ni lazima.

Chuo chenyewe kilianzishwa mwaka 2007, kiko vilimani, kama kilometa 8 mashariki ya mji. Usidhani ni majengo mawili matatu. Ndaki ziko mbalimbali, asiye na nauli ya bodaboda anapiga mguu juani. Tulitafuta bweni, tukatandika kitanda, tukaenda kwa mama lishe kula ugali na mlenda. Nikamwonyesha dukani pa kununulia vocha na sabuni, kana kwamba mimi ndiye mwenyeji!

Wakati wa kuagana akaniambia, "Dada, upande wangu wa kitanda usimpe mtu." Hapo nikajua huyu bado wangu.

Sasa nikuambie kilichonisaidia. Akipiga simu kuwa anapanda kilima kwenda kipindi, mimi nakiona kilima. Akisema leo vumbi, nalijua vumbi lenyewe. Ukishapaona mahali, mawazo hayapati pa kujitungia mambo ya ajabu. Mama, ambaye hakwenda, mpaka leo anapika wali wa watu wanne na kuniuliza kama huko kuna chui.

Kwa hiyo kama nauli ipo, nenda. Kama haipo, mwambie akutumie picha: kitanda, njia ya darasani, sahani ya chakula. Pangeni siku ya simu, sisi yetu Jumapili usiku, na siku nyingine muache asome. Mama naye tunamchangia nauli, mwezi ujao anakwenda kumtafuta huyo chui.

Haya, tukutane wiki ijayo!