Kwa Nini Najenga Ndege za Kivita Turkana

Wasee, tumalizane na hili swali leo. Kila nikiweka video ya ndege zangu, lazima mtu aulize: "Buda, kwani hakuna ndege zingine? Lazima iwe ya vita?" Wengine wanaenda mbali zaidi. Ati Turkana kuna njaa, kuna bunduki kila mahali, na wewe kijana mzima uliyeacha chuo unacheza na midoli ya kuua watu. Nimekuwa nikiwajibu kwa emoji. Leo nitajibu kwa maneno, na jibu lenyewe ni refu kidogo, kwa hivyo kaa chini.

Kwa wale wageni, kwanza mjue hii si midoli ya dukani. Unachukua ndege halisi, unatafuta vipimo vyake, unavigawanya vyote kwa namba moja, halafu unaijenga upya. Spitfire, ile ndege ya Waingereza ya Vita vya Pili vya Dunia, mabawa yake yalikuwa mita 11.23 kutoka ncha hadi ncha. Gawanya kwa 10, unapata kama sentimita 112. Hiyo ndiyo ilikuwa ya kwanza yangu. Mwili ni foamu ya kukata kwa wembe, uti wa bawa ni vijiti vya mishikaki, mota moja, betri ya litiamu, na vimota vidogo vinne vya gramu 9 kila kimoja vya kusukuma usukani. Rimoti ni FlySky, ile ya bei ya chini ambayo kila anayeanza anaishia nayo. Kitu muhimu kuliko vyote hakinunuliwi: kitovu cha uzito. Ukiweka kidole chini ya bawa, kama robo ya upana wake ukitoka mbele, ndege inafaa ikae sawa. Mkia ukiwa mzito, hiyo ndege itainua pua, itasimama hewani kama imeshtuka, halafu itaanguka. Nilijifunza fizikia zaidi kwa hicho kidole kuliko kwa semista tatu nilizokaa chuoni, na sisemi hivyo kujisifu, karo iliisha tu.

Sasa, video zote za kufundisha hii kitu zimetengenezwa na watu wanaoishi kwa nyasi za kijani. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuacha ndege juani Lodwar saa saba mchana. Gundi ya kuyeyusha, ile inayotoka kwa bastola ya umeme, inalainika tena hapa. Mara ya kwanza niliona mkia ukiinama wenyewe polepole, kama mtu amechoka kusikiliza mkutano wa chifu. Ndege ya rangi nyeusi ndiyo inaumia zaidi. Betri nazo zinavimba ukizichezea na joto, na betri ya litiamu iliyovimba si ya kubembeleza, inaweza kuwaka. Halafu kuna upepo. Wanaojua mambo ya hali ya hewa wameupa jina letu kabisa: unapita kwa kasi kati ya milima ya Ethiopia na nyanda za juu za Kenya, na ndio huo huo unaozungusha zile mashine 365 za umeme kule ng'ambo ya ziwa, upande wa Marsabit. Mimi narusha jioni upepo ukipoa, mbali na mji, mbali kabisa na uwanja wa ndege wa Lodwar. Natua kwa mchanga wa laga iliyokauka.

Rudi kwa swali. Kwa nini za kivita?

Jibu la kwanza ni rahisi, na najua halitawapendeza: ni nzuri. Samahani. Mtu aliyechora bawa la Spitfire alijua anachofanya, na ukilikata kwa mkono wako unajua kwa nini halina pembe. Jibu la pili ni kwamba hizi ndege zina hadithi zetu. Ndoto yangu kubwa ni F-5, ile ya jeshi letu la anga. Si juu ya Jamhuri Dei. Ni juu ya tarehe 1 Agosti 1982, siku ya lile jaribio la mapinduzi. Kule Nanyuki, marubani walilazimishwa kwa bunduki warushe ndege zikiwa na mabomu, waende wakapige Nairobi. Waliruka kweli. Halafu hawakupiga Nairobi, mabomu waliyaangusha kwa msitu wa Mlima Kenya. Fikiria mji mzima ulilala siku hiyo bila kujua kuna mtu alichagua miti. Mimi hiyo ndege nataka kuijenga kwa mikono yangu. Shida ni kwamba F-5 ina mabawa mafupi sana, mita 8 na kitu kwa mwili wa zaidi ya 14, kwa hivyo inatua mbio. Na ili ifanane lazima utumie feni ya ndani badala ya propela. Feni ya ndani na mchanga wa Turkana, hapo ni kama umeweka mota kwa kinu. Bado natafuta njia.

Jibu la tatu ndilo lilinifanya niandike.

Nina rafiki yangu Kakuma. Sitamtaja jina. Alizaliwa milima ya Nuba, Sudan, na vita vilipoanza tena Kordofan Kusini katikati ya 2011 alikuwa mtoto wa shule ya msingi. Familia yake ilitoka, ikazunguka, ikafika Kakuma. Kiswahili chake sasa kinaweza kukuibia chakula mezani. Tulijuana kwa sababu ya rimoti iliyokufa: yeye anatengeneza simu, mimi nilikuwa nimepitia huko na rimoti haiwaki, akaifungua, akaifufua, akakataa pesa. Akasema atanitumia bili.

Bili ilikuja WhatsApp miezi kadhaa baadaye. "Nijengee Antonov."

Nilidhani ni mchezo. Kama hujui, Antonov An-26 kwa karatasi si ndege ya kivita. Ni ya mizigo, ya Kisovieti, injini mbili za propela, na ina mlango mkubwa nyuma, chini ya mkia. Kule Nuba mabomu yalisukumwa na watu kutoka huo mlango wa nyuma. Hakuna kulenga kwa maana. Watu walichimba mashimo karibu na nyumba, wengine wakaingia kwa mapango, na watoto wakajua kutofautisha mlio wa Antonov na wa ndege nyingine kabla hawajajua kusoma. Jamaa wangu aliniambia ukilala kwa shimo unahesabu. Hakuniambia unahesabu nini.

Nikamuuliza unataka ya nini. Akajibu: "Nataka niishike mimi."

Basi nikaanza kutafuta vipimo. Na hapo ndipo nilipata kitu kilichonizuia kulala. Mabawa ya Antonov An-26 ni mita 29.2. Sasa, watu wazima wa hapa Turkana, hasa wale wa Lokichoggio, wanazikumbuka vizuri ndege za misaada. Operesheni ya kupeleka chakula Sudan Kusini ilianza 1989, na Loki, mbele ya Kakuma kwa barabara hiyo hiyo, ikawa kituo chake kikubwa. Hercules zilikuwa zinamwaga magunia kutoka angani. Na kulikuwa na ndege nyingine ndogo kuliko Hercules, inaitwa Buffalo, ya Kanada, hata jeshi letu lilikuwa nayo. Mabawa ya Buffalo ni mita 29.26. Mwili wa Antonov ni mita 23.8, wa Buffalo ni 24 na kidogo. Zote mabawa yako juu ya mwili, zote injini mbili, zote mlango nyuma. Ukigawanya kwa 20, tofauti ya mabawa ni milimita tatu. Wembe wangu hauna hata uwezo wa kukata hiyo tofauti.

Kinachozitenganisha haraka kwa macho ni mkia. Buffalo ina bawa dogo la mkia lililokaa juu kabisa, kama herufi T. Antonov lake liko chini, kwa mwili.

Kwa hivyo nikajenga bawa moja, mita 1.46, mwili mmoja, na mkia unaotoka kwa skrubu mbili. Nikamwambia: huyu ni Antonov, na siku ukichoka naye, ni Buffalo. Alinyamaza kwa simu hadi nikadhani mtandao umepotea. Kisha akasema sawa, lakini aanze na Antonov. Na awe mweupe.

Mimi kama mtu wa video nilikuwa na wazo langu. Mlango wa nyuma ungefunguka kwa kimota, na peremende ziwaangukie watoto. Kuna rubani Mmarekani alifanya hivyo Berlin 1948, anafunga peremende kwa leso kama miavuli. Ingependwa sana, hiyo video. Nikampigia kumwambia. Akasema, "Si kutoka kwa hii, ndugu." Tukaacha hapo.

Kuna watu wameniuliza kwa nini yeye asingekuja Lodwar kwenye uwanja wangu wa kawaida. Ni kilomita 120 hivi, lami safi. Lakini mkimbizi hatoki kambini hivi hivi, anahitaji kibali cha kusafiri, na kibali hakipewi mtu kwa sababu anataka kurusha foamu. Kwa hivyo ndege ndiyo ilisafiri. Niliibeba kwa Probox, bawa vipande viwili mapajani, na mama mmoja aliyekuwa na mbuzi akaniuliza kama hiyo ni jeneza la mtoto. Nikamwonyesha propela. Akacheka hadi tukafika.

Tulikuwa tumeongea na polisi na chifu siku mbili mapema, na tulienda mbali na uwanja wa ndege wa Kakuma. Nasema hivi kwa wadogo wanaoniandikia: tangu 2020 kuna kanuni za ndege zisizo na rubani, KCAA ndio wasimamizi, lazima uwe umefika miaka 18 ndio umiliki, na futi 400 ndio mwisho wa kupanda. Usiniletee hadithi za "ni foamu tu". Mtu mwenye bunduki hajui ni foamu.

Mama yake alikuja. Hatukumwalika, alikuja tu na kiti chake cha plastiki. Aliitazama ndege ikiwa chini, nyeupe, akaizunguka mara moja. Akauliza kitu kwa Kiarabu. Jamaa yangu akaniambia anauliza kama mlango wa nyuma unafunguka. Kabla sijajibu, alipiga magoti, akaubonyeza ule mlango kwa kidole gumba. Ulikuwa umeshikana. Usiku uliopita alikuwa ameuziba wote kwa gundi bila kuniambia.

Mama akarudi kwa kiti akakaa.

Niliirusha mimi, nikaipandisha, nikaiweka sawa, nikampa rimoti. Mota mbili za umeme hazilii kama Antonov, zinalia kama nyuki, na nadhani hiyo ilisaidia. Watoto walikimbia chini yake wakipiga kelele za furaha, Waturuki—namaanisha Waturkana wadogo, Wasudani, Wakongo, wote pamoja. Yeye hakuwa anatabasamu. Alikuwa anazungusha duara moja, kubwa, mkono wa kushoto, tena na tena, hata nikimwambia jaribu kulia. Dakika kama saba. Betri ikaanza kulia, nikanyoosha mkono kuchukua rimoti nitue, akasogea. Akaitua mwenyewe. Iligonga, ikaruka kidogo, propela moja ikavunjika, ikasimama. Kwa mtu wa mara ya kwanza, hiyo ni kazi safi.

Mama alisimama, akachukua kipande cha propela, akaenda nacho.

Mkia wa Buffalo uko tayari, umekaa kwa meza yangu. Hajaniambia nimtumie, na mimi siulizi. Saa hii Spitfire yangu inahitaji bawa jipya, kwa hivyo kama kuna mtu anapanda basi la Nairobi kuja Lodwar wiki hii na ana nafasi, nina foamu tano za kubebewa. Hazina uzito. Usizikalie tu.